Hapa Tunajuana

Mwezi uliopita tulikutana, wale tuliosoma pamoja chuo cha ualimu, nyumbani kwa mwenzetu mmoja Kikwajuni. Baadhi yetu tushapata wajukuu. Palikuwa na biriani ya kuku, sambusa na juisi ya ukwaju, pamoja na yale maneno ya watu wasioonana siku nyingi: umenenepa, umepungua, fulani yuko Maskati, fulani kafa. Tulipomaliza kula akasimama Seif, aliyekuwa mwenyekiti wa umoja wetu wa wanafunzi, sasa mtu mkubwa mwenye sauti ya watu wakubwa, akatusifu. Akasema vijana wa leo hawana mshikamano, kila mmoja na simu yake, lakini sisi wa mwaka ule tulikuwa kitu kimoja, akiumia mmoja tumeumia wote. Watu wakapiga makofi. Mimi nikauliza, kwa sauti yangu ya kawaida kabisa, "Na Mize je?" Makofi yakakatika. Mwenye nyumba akasema chai inapoa, akaanza kugawa vikombe, na mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya mtoto wa fulani. Nilirudi nyumbani na hasira niliyodhani nshaizika zamani, nikashinda nayo na kulala nayo, na haikutoka. Ndiyo hii ninayoiandika. Sitaki kumsingizia mtu. Nitasema nilichokiona na nilichokisikia mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipokuwa katibu msaidizi wa umoja uleule ambao Seif anausifia.

Dakhalia yetu ya wasichana ilikuwa nyumba ya kale ndani ya Mji Mkongwe, yenye mlango wa kuchongwa ambao watalii walisimama kuupiga picha. Laiti wangelipanda ngazi. Chumba chetu kilikuwa juu kabisa, vitanda vinne na dirisha moja, na dirisha lile lilitazama ua wa jirani zetu Wahindi wenye duka la vitambaa. Alasiri mama wa nyumba ile alikaanga bhajia, harufu ikatupanda mpaka juu, nasi tukamteremshia kikapu kwa kamba, akacheka na kututilia humo bhajia na chatne. Huo ndio uzuri wa chumba kile, na sijausahau. Ubaya wake ulikuwa juu ya vichwa vyetu. Boriti za dari zilikuwa zimeoza kwa maji ya mvua za miaka na miaka, chokaa ikidondoka mchana kutwa, kiasi kwamba tulizoea kufunika chai kwa visahani kama wengine wanavyoikinga na nzi. Kitanda kilichokuwa chini ya boriti mbovu kuliko zote kilikuwa cha Mize, msichana wa Matemwe, mwembamba, mwepesi wa kucheka, ambaye wasichana wa mjini walimcheka kwa lafudhi yake na yeye akawacheka kwa kuogopa kaa. Kila akirudi darasani alikung'uta shuka lake lililojaa unga mweupe, akasema, "Leo kanipaka poda tena." Tulimwambia mlezi wa dakhalia, Bi Aziza, naye akawaambia ofisini. Ofisini wakasema fundi atakuja. Ikafika hadi mtu akichelewa jambo lolote, sisi tukamwambia, fundi atakuja.

Mwaka ule ndipo alipokuja Neema. Alikuwa mwanafunzi wa sheria kutoka bara, mmoja wa viongozi wa umoja wa taifa wa wanafunzi, akavuka kwa boti kuja kutuomba umoja wetu ujiunge nao. Tukajazana ukumbini. Alizungumza bila ya mbwembwe. Akaeleza kuwa umoja wa chuo kimoja, hasa chuo kidogo, ukigombana na uongozi wake hauna pa kwenda, kwa sababu anayekusikiliza ndiye huyohuyo unayemlalamikia. Umoja wa taifa una wanasheria wa kujitolea, una watu wanaoweza kuingia wizarani na kukaa mezani, na wanafunzi wa chuo kimoja wakionewa wale wa vyuo vingine huwa nao wana la kusema. Akasema pia kwamba wanachama hawapotezi katiba yao wala uchaguzi wao. Kisha akakaa, akasubiri maswali.

Seif ndiye aliyemjibu, na alijibu kwa ufasaha, maana hilo hajawahi kulikosa. Alisema tunamshukuru mgeni wetu, lakini sisi Wazanzibari tuna mambo yetu na desturi zetu, na tukijiunga tutakuwa tone katika bahari ya watu. Akasema wenzetu huko wana migomo na siasa, watatuletea. Halafu akasema neno ambalo ukumbi mzima ulilipokea kwa makofi: "Sisi hapa tunajuana. Tukiwa na shida na Mkuu wa chuo, tunakwenda kwake, tunabisha hodi, tunazungumza. Hatuhitaji mtu avuke bahari kuja kutusemea." Sikuwa mjinga wa kutojua hofu ile ilitoka wapi. Kisiwa chetu ni kidogo, na tumeshaona mambo yetu yakivuka maji na kurudi yakiwa na jina la mtu mwingine. Aliyeogopa kumezwa hakuwa mpumbavu, na mpaka leo simwiti hivyo. Lakini kuna hofu ya kweli, na kuna watu wanaoivaa hofu ya wenzao kama kanzu ya sikukuu kwa kuwa inawapendeza. Nikanyanyuka nikasema kujuana huko ndiko kunakotufunga midomo. Nikazomewa kidogo. Aliyefuata kusimama alikuwa Mize, ambaye sikuwa nimepata kumuona akisema mkutanoni kabla ya siku ile. Akauliza, "Na kama mwenye kutuumiza ni mtu ambaye sote tunamwita mjomba, nani atakwenda kumbishia hodi?" Ukumbi ukacheka, kwa sababu ya lafudhi yake na kwa sababu Mkuu wa chuo alikuwa kweli mjomba wa Seif, binamu wa mama yake. Seif naye akacheka. Ikapigwa kura kwa kunyoosha mikono, na wengi wakakataa. Neema akatushukuru, akaniachia nambari yake ya simu, akarudi kwao kwa boti ya mchana.

Kwa kuwa tulikuwa tumejisifu kuwa tunajua kubisha hodi, nikashikilia twende tukabishe. Baada ya juma moja hivi, Seif na mimi tukaenda nyumbani kwa Mkuu kumweleza habari ya dari. Seif akakaribishwa sebuleni kwa wanaume. Mimi nikapelekwa ndani kwa wanawake, ambako mke wa Mkuu, mama mpole mwenye mikono laini, alinikalisha kwenye mkeka na kuniwekea mkate wa ufuta, mchuzi wa kuku na chai ya maziwa yenye iliki. Ulikuwa mkate mtamu. Baina yetu na sebule palikuwa na pazia tu, na mimi nilikuwa nakula huku sikio langu liko kule. Nilimsikia Seif akiitaja dari mara moja, kwa haraka, kama mtu anayetaja deni la mtu mwingine. Mkuu akasema nyumba zile zimesimama tangu babu zetu hawajazaliwa, wasichana ni waoga tu, na fundi atakuja. Kisha nikamsikia akisema kwa sauti ya mapenzi, "Wewe mwanangu, ukimaliza hapa, nishakufikiria kwenye wale wa kwenda kusoma nje. Lakini nataka mwaka huu upite kwa utulivu." Na Seif akajibu, "Utakavyoona wewe, mjomba." Hayo ndiyo yote. Wakahamia kwenye habari za mpira. Tulipoondoka, yule mama alinifungia mikate mingine niwapelekee wenzangu, akaniombea dua mlangoni. Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile, na bado sijaona njia iliyo bora ya kumnyamazisha mtu kuliko ile: kwa chakula cha moto, kwa dua, kwa kumwita mwanangu. Ungemkasirikiaje mwanamke yule? Na usipomkasirikia, hasira yako unaipeleka wapi? Njiani nilimwambia Seif kuwa nimesikia. Hakukana. Alisema Mkuu ametoa ahadi na tumpe nafasi.

Masika yakaingia. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, mimi niko chini nafua, nikasikia mshindo nilioudhania gari limegonga ukuta. Halafu vumbi likateremka kwa ngazi, jeupe, likifuatwa na sauti za wasichana. Boriti ilikuwa imekatika na kushuka pamoja na mawe na udongo wa juu yake, na Mize alikuwa kitandani amepumzika. Tulichimba kwa mikono. Yule mama wa Kihindi alikuja mbio bila ya viatu, na wanawe wakasaidiana na wanaume waliokuwa wakipita njiani kuinua boriti. Mize alikuwa hai, uso mweupe kwa chokaa, macho wazi, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umesagika kuanzia gotini. Hakulia. Aliniuliza kama nimeona viatu vyake. Nilipanda naye gari la hospitali, na madaktari waliuokoa uhai wake lakini mguu hawakuweza kuuokoa.

Kesho yake hatukuingia darasani. Hakuna aliyetuamrisha, tulikaa tu uwanjani mwa chuo, wavulana kwa wasichana, na hata Seif alikaa nasi, hakuwa na namna nyingine. Tulitaka mambo matatu: dakhalia ifungwe, chuo kikiri kosa, na Mize atunzwe na arejeshwe masomoni atakapopona. Siku ya kwanza ilikuwa nzuri. Watu waligawana mihogo na mikate, tukaswali pamoja, na kwa muda niliamini kuwa umoja wetu ni umoja. Mkuu hakutuletea polisi. Angetuletea polisi, pengine tungesimama imara zaidi. Alituletea wazee wetu. Aliwapigia simu, akawatumia watu, na siku ya pili wakaanza kuingia getini mmoja mmoja, baba wa huyu, ami wa yule, shangazi wa mwingine, na Mkuu akiwapokea kwa majina, akiwauliza hali za wagonjwa wao. Nilitazama uwanja ukipungua. Hapakuwa na ukali wowote. Mzee anafika, mtoto anamwamkia, wanazungumza kwa chini, mtoto anachukua mkoba wake na kuondoka bila ya kututazama.

Baba yangu alikuja akiwa amevaa kanzu na kofia, kama anakwenda msibani. Nikamwamkia, akaniitikia. Akasema, "Nyanyuka twende, Nasra." Nikamwambia siwezi, Mize amekatwa mguu. Akasema anajua, na kwamba inamsikitisha. Kisha akainama karibu yangu ili wengine wasisikie. "Siku aliyokufa mama yangu, bwana yule ndiye aliyeshuka kaburini pamoja na mimi. Leo unataka nimwambie nini?"

Nikamwambia, "Mimi sina ugomvi na kaburi la bibi, baba. Ugomvi wangu ni dari."

Alivua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena, akaondoka zake bila ya kunivuta mkono. Wapo watu watakaosoma hapa wakadhani nilimchukia. Sikumchukia hata kidogo. Baba alikuwa amebeba wema aliotendewa, na wema haubishaniki. Ninachokichukia ni kuwa mtu mmoja aliweza kuyachukua mazishi, harusi na sala zetu zote, kila alipopata kutushika mkono, akayapanga mbele ya geti la chuo kuwa ngome yake. Katika kisiwa kizima hapakuwa na mtu wa kutusemea ambaye hakuwa amekula kwake au kuzikiwa naye. Hicho ndicho ambacho Neema alivuka maji kutuletea na sisi tukakikataa: watu ambao hawana mjomba Unguja. Wingi wao wala elimu yao ya sheria si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba Mkuu asingeweza kumpigia simu baba wa Neema.

Jioni Seif alisimama na kutusomea sisi wachache tuliobaki tamko kwa niaba ya umoja. Mgomo umekwisha. Uchunguzi umeonesha kuwa dari iliporomoka kwa sababu wasichana walikuwa wakianika nguo mbichi kwenye boriti, na umoja unawaomba wanafunzi wawe waangalifu na mali za chuo. Nguo mbichi. Ni kweli tulitundika kanga zetu pale siku za mvua. Basi nyumba iliyostahimili masika chungu nzima imeangushwa na kanga mbili za kuogea. Nilimuuliza Seif mbele ya watu kama anayaamini anayoyasoma. Akakunja karatasi yake, akasema, "Nasra, hapa tunaishi sote. Kesho tutakutana tena." Alisema kweli. Tumekutana tena, Kikwajuni, na biriani ilikuwa nzuri.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwenye kibanda cha simu nikampigia Neema. Nilimweleza yote, naye akanisikiliza hadi mwisho. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu anayejizuia. "Ningepanda boti leo hii," alisema. "Lakini nikifika getini, nikiulizwa nimekuja kwa ajili ya mwanachama gani, nijibu nini?" Hata hivyo alijaribu. Alimpata mwanasheria akazungumza na chuo, na Mkuu akamjibu kwa adabu kabisa kuwa wanafunzi wa chuo hiki wenyewe, kwa kura yao huru, wamekataa uhusiano wowote na umoja huo, kwa hiyo yeye hana ruhusa ya kuyazungumza mambo yao na wageni. Kura yetu aliifanya kitasa, akatufungia ndani. Sijui mtu mzima gani anaweza kuisikia habari hiyo akakaa kimya. Nilisimamishwa masomo mpaka mwaka uliofuata. Mize alipotoka hospitali alipelekwa kwao Matemwe, na chuo kikasema nafasi yake imepita kwa kuwa hakufanya mtihani.

Niliporejea, Seif alikuwa nje akisoma. Kamati ilikuwa mpya, na mambo yalibadilika, ila nitaeleza ukweli yalibadilika kwa nini. Uongozi uliamua kuwatoa wavulana kwenye dakhalia yao iliyo karibu na bahari ili ifanywe kitu kingine, na ukawapa siku chache za kuhama. Ghafla walewale waliocheka ukumbini wakaja kuniuliza kama bado nina nambari ya yule dada wa bara. Ukaitwa mkutano, hoja ikaletwa tena, mikono ikapanda juu kama msitu. Neema akaja na wenzake na mwanasheria wao, wakakaa mezani na Mkuu, na Mkuu hakupata cha kuwauliza kuhusu wazee wao. Sitasema kuwa ilikuwa rahisi; walikwenda na kurudi, walikwenda na kurudi. Lakini wavulana walibaki mahali pao. Nyumba yetu ya kale ilifungwa na wasichana wakapewa mahali salama. Na kwa kuwa Neema hakusahau, chuo kikakubali pia kuwa Mize arejeshwe, asomeshwe mpaka amalize. Katiba yetu ilibaki yetu, desturi zetu zikabaki zetu, na hakuna tone lililomezwa na bahari. Kila tulichokitaka uwanjani mwaka uliotangulia, isipokuwa kukiri kosa, kilipatikana kwa kikao ambacho tungeweza kukipata kabla boriti haijakatika.

Nikaenda Matemwe kumpa Mize habari. Nilimkuta pwani na mama yake, wanaanika mwani juu ya makuti, gongo lake limelala mchangani. Alifurahi kuniona, akaniuliza habari za mama wa bhajia. Nikamwambia tumejiunga. Akauliza walionyoosha mikono ni watu wapya? Nikamwambia wengi wao ni walewale. Akataka kujua nini kimewageuza, na nilijua anachongojea kusikia, na nilitamani sana kumpa. Lakini sikuwa nimemzoeza uongo. Nikamweleza habari ya dakhalia ya wavulana.

Mize aliuchambua mwani uliokuwa mkononi mwake, akatoa takataka moja baada ya nyingine, akautandaza vizuri.

"Kumbe mimi sikutosha," akasema.

Nikamwambia nafasi yake ipo, wanamngoja, ana haki nayo. Akaitikia kwa kichwa, kwa upole uleule aliokuwa nao akikung'uta shuka. Mama yake alitutazama, kisha akaendelea na kazi. Nilivua viatu, nikakaa kando yao, tukaanika mwani mpaka jua likageuka. Hakurudi chuoni.